Wakati kicheko kilifunga masomo: juu ya nini wasichana njo wanaanguka?

Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1962, ku masomo ya interna ya wasichana ya Kashasha, karibu na muji wa Bukoba mu Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka. Mwalimu aliwaambia wanyamaze, hawakuweza. Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Kisha wengine wakaanza. Siku zilipita, na kila siku kulikuwa wapya. Kufikia tarehe 18 mwezi wa tatu, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekamatwa, na wakubwa wa masomo wakaona hakuna njia ingine: wakafunga milango, wakatuma watoto kwa wazazi wao.

Watu wengi wenye wanasikia hii habari leo wanaifurahia, wanawaza ilikuwa michezo ya watoto. Haikukuwa furaha hata kidogo. Kicheko kilikuwa kinashika mutoto dakika chache ao saa kadhaa, kinamuacha, kisha kinarudia. Mwenye alikawia kupita wote alimaliza siku 16 mu ile hali. Wengine walikuwa wanakimbia ovyo. Wengine walisema kuko mutu anawafuata nyuma, wengine kama kuko kitu kinatembea ndani ya kichwa. Ukimushika kwa nguvu, anapigana. Mutoto wa miaka 12 anakuwa na nguvu sawa mutu mukubwa.

Na ile kutuma watoto ku nyumba njo ilieneza mambo. Wasichana kadhaa walikuwa watu wa Nshamba, kijiji cha mbali kidogo na Bukoba. Mu mwezi wa ine na wa tano, kule Nshamba watu 217 walikamatwa. Mu mwezi wa sita, masomo ingine ya wasichana, Ramashenye, ilipata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154, nayo ikafungwa. Musichana mumoja wa kule alirudi kwao Kanyangereka, na watu wa nyumba yake wakaanza kucheka. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tena tarehe 21 mwezi wa tano, na mbele mwezi wa sita uishe, ikafungwa mara ya pili.

Wanganga wawili, Rankin na Philip, walifuata ile kazi na kuandika mambo yao mu gazeti la uganga mwaka 1963. Walipima damu. Walitoa maji ya mugongo. Walitafuta sumu mu chakula. Homa haikuwa, vijidudu havikuonekana, na hakuna mutu alikufa. Ku kijiji watu walikuwa na mafasirio yao: wengine walisema unga wa mahindi umetiwa sumu, wengine walisema bomu za atomi zenye Wazungu wanalipusha zimechafua hewa. (Mwaka 1962 ile haikukuwa wazo la kijinga. Bomu zilikuwa zinalipuka kweli, na magazeti yalikuwa yanaongea juu yake kila juma.) Wanganga wakasema ni histeria ya watu wengi.

Sasa, ndugu musomaji, pale njo shida yetu inaanza. Juu hili neno limekuja mupaka kwetu. Wasichana wakianguka mu kalasi, hapa Katanga ao fasi ingine, utasikia mambo matatu kwa mara moja: mama mumoja anasema ni bulozi, mufuasi wa kanisa anasema ni pepo, na mutu wa ofisi anasema ni histeria. Na wote watatu, ukiwasikiliza vizuri, wanataka kusema kitu kimoja: mutoto wako hana ugonjwa wa kweli, turudie kazi.

Tuanze na neno lenyewe. Linatoka mu Kigriki, ku neno la tumbo la uzazi. Wanganga wa zamani wa Ugiriki walikuwa wanafundisha kama tumbo la uzazi la mwanamuke linaweza kutembeatembea mu mwili, na likifika karibu na kifua linamufunga pumzi. Ni vile: waliwaza kama kiungo kinafanya safari. Watu wenye masomo walibeba lile wazo miaka na miaka. Mu miaka ya 1880 mu Paris, munganga mukubwa Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière, alionyesha mbele ya wanganga wenzake wanaume wenye walikuwa na ule ugonjwa mumoja: wafanya kazi, watu wa mikono migumu, wengine wameponea ku ajali ya gari la moshi. Miguu imekufa ganzi lakini mufupa uko muzima. Watu walishangaa sana, juu mwanaume hana tumbo la uzazi.

Kisha ilikuja vita ya 1914. Askari Waingereza makumi ya maelfu walirudi kutoka mu mitaro bila sauti, ao wanatetemeka mupaka hawawezi kushika kikombe, ao hawaoni wakati macho yao iko mazima. Ungeita ile namna gani kama ingekuwa mu masomo ya wasichana? Lakini kwa askari jeshi lilitafuta jina lingine: mushituko wa bomu. Waliwaza kama bomu limetikisa ubongo. Baadaye wakaona wengine hawakukuwa hata karibu na bomu. Jina lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake: mwanaume hakuitwa na neno la wanamuke.

Kwa hiyo mutu akikuambia "ni ugonjwa wa wanamuke", umuulize kama alisikia mambo ya Kinshasa, mwaka 2008. Mu mwezi wa ine wa ule mwaka, uvumi ulitembea mu teksi za watu wote: ukikaa karibu na mutu fulani, wengine walisema mwenye pete ya zahabu, akikugusa, uanaume wako utapunguka ao utapotea kabisa. Wanaume walikuwa wanapiga kelele mu barabara kama wameibiwa. Polisi ilikamata watu zaidi ya 10 wenye walishitakiwa, na ilichukua pia wale wenye walisema wameibiwa, juu iliogopa watu wauawe na raia. Iliogopa kwa haki: kule Ghana, miaka ya 1990, watu walipigwa mupaka kufa juu ya uvumi wa namna ile ile. Mu Singapore, mwaka 1967, karibu watu 500 walikimbilia hospitali kwa woga kama sehemu zao zinaingia ndani ya tumbo, kisha uvumi juu ya nyama ya nguruwe zenye zilichanjwa. Karibu wote walikuwa wanaume. Na mu San Diego, Marekani, mwaka 1988, vijana waliokuwa wameingia kazi ya askari wa bahari, wanaume watupu, walianza kukosa pumzi usiku mu kambi wakati moshi wa majani yenye yanaungua ulikuwa mu hewa. Zaidi ya 300 walibebwa na ambulansi. Wachache tu njo walilala mu hospitali.

Hakuna mutu aliandika "histeria ya wanaume wa Kinshasa" ku ukurasa wa kwanza. Waliandika "uvumi", waliandika "uchawi", waliandika "fujo".

Hata kule Bukoba. Ukisoma ile habari polepole utaona kitu chenye watu wanaruka: kule Nshamba, kati ya wale 217, mulikuwa vijana wanaume na wanamuke. Kutoka Kanyangereka mambo yaliingia mu masomo mawili ya wavulana, na yote mawili yakafungwa. Wenye hawakukamatwa walikuwa nani? Kule Kashasha, walimu. Wazungu wawili, Waafrika watatu, hata mumoja hakucheka. Mwalimu anaweza kutoka, anaweza kuomba barua ya kuhama, anaweza kusema hapana. Mutoto wa interna haweze.

Lakini tusidanganyane. Ukihesabu mambo yenye yaliandikwa mu dunia, mu masomo na mu viwanda, wasichana na wanamuke wako wengi kupita. Ni kweli, na inaomba jibu.

Jibu la kwanza liko mu mwili, na haliko la wanamuke tu. Mutu akiwa na woga mukali anapumua mbio mbio. Akipumua vile dakika chache, hewa chafu yenye tunatoa inapunguka kupita kiasi mu damu, na mwili unaanza kufanya mambo ya ajabu: vidole vinachomwachomwa sawa na sindano, midomo inakuwa ganzi, mikono inajikunja, kichwa kinazunguka, macho inaona giza. Yule mutoto hajifanyi. Anasikia kabisa kama anakufa, na woga unaongezeka, na anapumua mbio zaidi. Mwenzake ku benchi anaona. Mwili wa mutu unaiga mwili wa mutu wenye uko karibu, sawa vile unapiga miayo wakati mwingine anapiga. Munganga Mwingereza Wessely, mwaka 1987, aligawa haya mambo mu namna mbili. Ya kwanza inakuja mbio na inaondoka mbio: harufu, woga, kuanguka, kesho yake wote wazima. Ya pili inakuja polepole, inakaa majuma na miezi, na inaleta kutetemeka, kucheka, miguu kukufa, kusema ovyo. Hii ya pili, alisema, inakuta watu wenye wameishi muda murefu mu hali yenye hawawezi kuvumilia na hawawezi kuikimbia.

Jibu la pili liko mu nyumba zetu. Wavulana wa interna wakishiba mateso, wanafanya nini? Wanavunja dirisha, wanapiga mugomo, wanatupa maharagwe mabovu mbele ya ofisi, wanaruka ukuta usiku. Musichana wa miaka 14 akifanya vile, hata mama yake mwenyewe atamuita kichaa. Tangu alizaliwa tumemufundisha kunyamaza, kupiga magoti, kusema "ndiyo, papa". Kitu kimoja tu njo tunamukubalia bila kumupiga: kuanguka. Akianguka tunakimbia, tunamubeba, tunamuuliza kwa mara ya kwanza: mwanangu, uko na nini? Sisemi anafanya kwa kusudi. Mwili unapita fasi mulango uko wazi.

Angalia Chalco, mu Mexiko. Kulikuwa masomo ya masista kwa wasichana wamasikini, maelfu yao, na ilikuwa bure. Wazazi walishukuru Mungu. Lakini watoto walikuwa wanaona wazazi wao mara chache sana mu mwaka muzima, bila telefone, bila televizyo. Mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, karibu wasichana 600 walianza kuumwa magoti, hawawezi kutembea sawasawa. Walipima maji, walipima chakula, hawakukuta kitu. Watoto walirudi kwao, na miguu ikatembea. Kila mutu wa pale aliuliza ugonjwa ni gani. Mimi ningeanza kuuliza: mutoto anaona mama yake mara ngapi?

Na haya si ya masomo tu. Mu ule mwaka wa 1962, ku kiwanda kimoja cha nguo kusini mwa Marekani, wafanya kazi 62 walisema wameumwa na mududu wenye ulikuja mu vitambaa kutoka Uingereza. Walikuwa wanazimia, wanatapika, mwili unatetemeka. Kati ya wale 62, wanamuke walikuwa 59. Walileta watu wa kutafuta ule mududu, hawakupata kitu chenye kingeweza kuangusha mutu. Watu wawili wa chuo kikuu, Kerckhoff na Back, walipoenda kuuliza maswali, walikuta kitu kingine. Ulikuwa muda wa kazi nyingi kupita yote ya mwaka. Wenye walikamatwa walikuwa sana wale wenye kufanya saa za kuongezea, na wenye nyumba zao zilitegemea franka zao. Na ugonjwa ulitembea kufuata urafiki: rafiki kwa rafiki, haukufuata mashini.

Mu Malezia, kuanzia miaka ya 1970, wasichana wa vijiji waliingia kwa maelfu mu viwanda vya vyombo vya umeme, kuangalia ndani ya mikroskopu saa nane, usiku na muchana. Walianza kuona mashetani ndani ya ile vioo, kupiga kelele, kupigana na makapita. Bi Aihwa Ong, mwalimu wa chuo kikuu, aliandika kitabu chote juu ya ile mambo mwaka 1987. Alikuta wakubwa wa viwanda wameita waganga wa kienyeji, wamechinja nyama ya sadaka, wametoa vidonge vya kutuliza, na mwenye alirudia mara mbili tatu aliweza kufukuzwa kazi. Mbio ya kazi? Ile haikuguswa.

Wewe mwenye kushuka mu shimo unaielewa hii kupita mimi mwenye kuandika. Wazee wenu wa Uingereza, wachimbaji wa makaa, walikuwa na ugonjwa wa macho: macho yanachezacheza pasipo kusimama, mutu anaona taa inaruka. Kuanzia 1907 sheria iliuweka mu magonjwa yenye kulipiwa. Kisha wagonjwa wakawa wengi, malipo yakapanda, na wanganga wengine wakaanza kusema: huu ni ugonjwa wa fikra, hawa watu wanaogopa shimo tu ao wanapenda malipo. Labda kwa wengine ilikuwa kweli, woga ulikuwa umejichanganya mule. Lakini giza la mule ndani lilikuwa giza ya kweli, na wakati taa zilikuja kuwa nzuri, ule ugonjwa ulipunguka.

Njo maana ninaomba wazazi wa migodi wasikubali mbio mbio hili neno histeria, hata kama nimeandika kurasa yote juu yake. Sisi tunaishi fasi sumu ya kweli iko. Malori ya asidi yanapita kila siku; mwaka 2019, ku barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, ajali moja ya lori la asidi iliua watu wengi. Watoto wetu wanasoma mu masomo yenye yanaangalia moshi wa kiwanda. Wasichana 20 wakianguka na mukubwa fulani akasema "ni mambo ya wasichana" mbele mutu apime hewa, yule anatuficha kitu, ao ni muvivu.

Inchi yetu iko na somo kubwa juu ya hii, na haiko ya mugodi, ni ya mihogo. Kule Kwango kuko ugonjwa wenye Wayaka wanaita konzo, maana yake miguu yenye imefungwa. Munganga Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Mutu analala muzima, anaamuka miguu imekazana, anatembea kwa vidole sawa mwenye anacheza, na haiponi. Inakamata nani sana? Wanamuke wenye kuzaa na watoto. Wanaume kidogo. Inaanguka mu kijiji kimoja, watu wengi kwa muda mufupi. Mutu angeweza kusema: wanamuke, watoto, miguu, kikundi, basi ni histeria ao ni bulozi. Na wengi walisema bulozi. Lakini ni sumu ya sianidi yenye iko ndani ya mihogo michungu yenye haikuloweshwa siku za kutosha, ku watu wenye kukosa nyama na maharagwe. Wakati barabara ya Kinshasa ilikuwa nzuri na wachuuzi wakawa wanangojea mihogo, watu wa Bandundu walipunguza siku za kulowesha, kutoka tatu mupaka moja wakati mwingine, ili wauze mbio. Wanamuke na watoto njo walilipa na miguu.

Basi utajua namna gani? Hakuna alama moja yenye kumaliza ubishi, lakini kuko mambo ya kuangalia, na muzazi anaweza kuyaangalia mwenyewe. Gazi haichague. Ikiingia mu kalasi inakamata wasichana, wavulana, mwalimu, mama mwenye kuuza mikate ku mulango, kuku pia. Inachoma macho na koo, inaleta kukohoa kwenye kunaendelea hata mutoto ameisha kutoka. Sumu ya chakula inakamata wenye walikula kile chakula, rafiki ao adui. Homa, ngozi kuungua, damu, kutapika usiku kucha: hiyo ni hospitali pale pale, bila mazungumuzo. Ugonjwa wa woga unatembea kufuata macho. Unakamata wenye waliona mwenzao anaanguka, unaanza mara mingi na wakubwa wenye watoto wadogo wanawaangalia, unatulia wakiachana, unarudia wakikusanyika. Munganga akipima anakuta mapigo ya moyo mbio na mengine yote mazima.

Na vyote viwili vinaweza kuja pamoja. Harufu ya kweli inapita saa nne, watoto wawili wanakohoa kweli, wengine 30 wanaanguka kwa woga. Mu Blackburn, Uingereza, mwaka 1965, wasichana walisimamishwa saa tatu kungojea sherehe ya wakubwa, na karibu 20 walizimia, kitu cha kawaida kwa mutu mwenye kusimama sana. Kesho yake, 85 walipelekwa hospitali. Wale 20 wa kwanza walikuwa na sababu ya mwili. Wa kesho walikuwa na habari ya wale 20.

Kwa hiyo, wakati inafika ku masomo ya mutoto wako, pima mbele. Omba maji ipimwe, hewa ipimwe, na majibu iwe ku karatasi, na jina la mwenye alipima. Papa mwenye kufanya kazi ku kiwanda asiogope kuuliza; apite mu sendika kama anaogopa peke yake. Wakati mukingoja majibu, tenganisheni watoto polepole, mutoe wenye hawajaanguka wasiendelee kutazama, mwenye ameanguka alale fasi ya kivuli na mutu mumoja tu mutulivu, apumue polepole. Watu 100 wenye kupiga kelele na kukamata picha na telefone wanaongeza wagonjwa, hiyo imeonekana mara nyingi. Kumwagilia mutoto maji ya baridi, kumupiga makofi, kumufunga kamba: hapana. Kumuambia "unajifanya": hapana pia, juu hajifanyi, na akisikia hivyo atapashwa kukuonyesha kama ni kweli.

Na bulozi. Mara nyingi, siku ya pili ao ya tatu, mutoto mumoja anatajwa. Karibu kila mara ni yuleyule: yatima, ao mwenye kukaa kwa shangazi, ao yule musichana mwenye hacheki na wengine. Wanasema yeye njo alileta. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kushitaki mutoto kama mulozi, na mwenye anafanya vile anaweza kuazibiwa. Mwalimu, pasta, jirani, hata muzazi. Lile jina likisha kutoka mu kinywa halirudi, hata wale wengine wote wapone kesho.

Majibu ya hewa na maji yakifika na ni mazuri, kazi haijaisha. Pale njo mutaita wasichana, mumoja mumoja, bila mwalimu mwanaume kuwa pale, na mama mwenye wanamuheshimu njo awaulize: mu interna munakula nini? Nani anaingia usiku? Mitihani ni lini, na mwenye kukosa anafanywa nini? Choo kiko na mulango? Kuko mutu mwenye munaogopa? Usiulize kwa nini ulianguka. Hajui. Uliza juu ya siku yenye ilikuwa mbele ya kuanguka, na juma lenye lilikuwa mbele ya ile siku, na uandike.